Mtoto wa miaka mitatu na nusu hasemi: usonji, dawa na kazi ya nyumbani (jibu kwa mama wa Wete, Pemba)

Wa alaykumu salaam, mama. Umeuliza mambo matatu. Mwanao ana miaka 3 na nusu, hasemi, haitikii akiitwa, kutwa anapanga vizibo vya soda mstari mmoja: ana dawa gani? Ni lazima umvushe maji hadi Dar es Salaam? Na ile sindano ya "kutoa sumu mwilini" uliyotajiwa, ina ukweli? Naanza na sindano, maana hiyo ndiyo itakayokula pesa zako za nauli.

Dawa za sindano hiyo, za kuvuta madini mazito mwilini, zimetengenezwa kwa mtu ambaye kipimo cha damu kimeonesha ana sumu ya risasi au madini mengine mazito. Usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano) si sumu hiyo. Kinachotisha ni kwamba baadhi yake huvuta na kalsiamu iliyomo kwenye damu, na kalsiamu ikishuka ghafla moyo unaweza kusimama. Mwaka 2005 huko Marekani, jimbo la Pennsylvania, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki kwa njia hiyo hiyo akiwa anatibiwa. Kapu moja na hiyo tia maji ya klorini dioksidi ya kunywesha (dawa kali ya viwandani ya kung'arishia vitambaa na karatasi), mashine za oksijeni na sindano za seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine). Maziwa ya ngamia hayatibu usonji, na yakinywewa mabichi yanaweza kuleta homa ya brusela. Na kama aliyekutajia sindano kakwambia pia kuwa chanjo ya surua ndiyo iliyomharibu mtoto, ile makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha maneno hayo ilifutwa na jarida lenyewe, The Lancet, mwaka 2010. Mmalizie chanjo zake.

Sasa dawa za kweli. Hakuna dawa ya usonji wenyewe, si Dar, si India, si Ulaya. Zipo dawa za vitu vinavyofuatana nao. Risperidoni iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa hasira kali na kujiumiza, watoto wa miaka 5 hadi 16. Aripiprazoli ikafuata mwaka 2009, miaka 6 hadi 17. Hazimfundishi mtoto kusema. Mwanao hajafika umri huo, na kwa ulivyoeleza hajiumizi, kwa hiyo ukiandikiwa leo muulize daktari anatibu dalili gani khasa na ataipima vipi. Risperidoni huongeza hamu ya kula kupita kiasi: mtoto hupimwa uzito kila mwezi, na kwa aliye chini ya kilo 20 huanzwa na miligramu 0.25 tu kwa siku. Haloperidoli ni ya zamani zaidi. Shingo ikipinda au taya likikaza baada ya kuinywa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki.

Kabla ya kufikiria boti, fanya haya hapo Pemba. La kwanza masikio. Mtoto anayekimbilia tangazo la redio anaweza bado kuwa na sikio linalosikia sauti nene na kukosa nyembamba, na bila nyembamba maneno hayashikiki. Omba rufaa ya kupimwa masikio kwa mashine. Piga simu kwanza kuuliza kama mashine inafanya kazi na siku gani mpimaji yupo, hata kama ni kuja hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. La pili, degedege. Kama kuna wakati anakodoa macho sekunde kadhaa na hata ukimgusa hashtuki, au anarukaruka mwili usingizini, hilo ni la daktari, kwani kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine na kina dawa nzuri. Asipokuwa na dalili hizo, picha ya ubongo haitakuonesha usonji. Usonji hautambuliwi kwa damu wala kwa picha. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kumhoji mlezi. Lile dodoso la maswali 20 linalozunguka mitandaoni ni la miezi 16 hadi 30, mwanao keshalipita, usilitumie kujipa matokeo.

Daktari ana dakika chache na mtoto atakuwa analia ugenini. Kwa hiyo mpige video nne za dakika mbili mbili kwa simu: akicheza peke yake, akila, akiitwa jina kutoka nyuma, na akikasirika. Andika na umri aliokaa, aliotembea, na kama aliwahi kuwa na maneno yakapotea. Hiyo inasaidia kuliko barua tatu za rufaa.

Dar nenda ukishapata hayo, kwa miadi, na swali mkononi. Usiende "akaonwe". Usingoje jina la ugonjwa ndipo uanze kufundisha. Mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, ya watoto wa miaka 2 hadi 9, yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na hayadai mtoto awe na cheti. Msingi wake ni mzazi kufundishwa afundishe ndani ya kazi za kila siku. Ukisikia kwamba mtoto lazima afundishwe saa 40 kwa wiki mezani na mtaalamu, habari hiyo ilitoka kwenye utafiti wa Lovaas, mwanasaikolojia wa Marekani, wa mwaka 1987. Wakati ule walikuwa wakitumia hata makofi. Siku hizi kupiga kumeachwa, na kwa mtoto mdogo hufundishwa zaidi kwa mchezo.

Kwa asiyesema, mimi ningeanza na picha, kabla ya kitu chengine chochote. Njia ya kubadilishana picha (mtoto anakupa picha, unampa kitu chenyewe) ilianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na uzuri wake haihitaji mtoto ajue kuiga wala kukutazama machoni. Usiogope kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema. Utafiti haujaonesha hivyo, na wengine maneno huwatoka humo humo.

Weka sinia lenye vitu sita: embe, boflo, halua, puto, povu la sabuni, kizibo. Tazama anakimbilia kipi kwanza, kiondoe, tazama cha pili. Rudia siku tatu. Viwili vinavyoshinda ndivyo vya kuanzia. Vipige picha kwa simu, kimoja kimoja, juu ya kitambaa kisicho na maua. Duka la steshenari wanaweza kukutolea picha 20 za sentimita 5 kwa 5 kwenye karatasi moja ya A4. Zibandike kwenye kadibodi, zifunike kwa selotepu pana pande zote mpaka ukingo, maana zitaingia mdomoni. Kwa kushikizia, nunua kwa fundi cherehani ule mkanda wa kushikana wa viatu vya watoto: upande wa manyoya kwenye ubao wa kubandikia picha, wa kukwaruza nyuma ya picha, na usibadilishe, la sivyo utajikuta na picha hazishiki.

Mnahitajika watu wawili. Wewe mbele na halua. Nyuma ya mtoto akae baba yake au dada yake wa miaka kumi na kuendelea. Picha moja tu iko katikati. Mtoto akinyoosha mkono kutaka halua, wa nyuma anaushika mkono ule kimya kimya, anamsaidia kuokota picha, kuinyoosha na kuiachia kwenye kiganja chako. Hapo hapo unasema "Halua!" na unampa, kabla hujamaliza kuhesabu moja. Kipande kiwe kama ncha ya kidole, ili mara kumi zisimshibishe. Msaada uondoeni kuanzia mwisho: kwanza aachie mwenyewe, kisha anyooshe mwenyewe, mwisho aokote mwenyewe. Akifanya mara 8 kati ya 10 bila kushikwa, sogea.

Panapoharibika ni hapa. Mama anauliza "unataka nini?" kila mara, na mtoto anajifunza kungoja swali, akiachwa bila swali hasemi kitu. Au wa nyuma anasema "mpe, mpe mama", basi mtoto anajibu sauti ile badala ya kuanza mwenyewe. Au unatanguliza kiganja kabla hajaokota, kiganja kinakuwa ndiyo ishara. Kubwa kuliko yote ni picha kuwekwa juu ya kabati zisichafuke. Hivyo ni kama kumtia mtoto kitambaa mdomoni. Ziwe kwenye ubao ulio kwenye kimo chake, mlango wa jikoni. Na wiki za mwanzo, akileta picha mpe, hata kama ni saa ya chakula. Kumfundisha "bado" kunakuja baadae.

Hatua inayofuata ni masafa: wewe rudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka akufuate kutoka ukumbini hadi uani. Halafu kuchagua: picha ya halua na picha ya kitu asichokitaka, tuseme soksi. Akikupa soksi, mpe soksi. Atakasirika, na hasira hiyo ndiyo somo lenyewe. Mwoneshe picha ya halua, msaidie aitoe, mchezeshe kidogo kitu chengine, kisha mjaribu tena. Akishatofautisha picha nne tano, ongeza ukanda wenye "NATAKA" pembeni. Soma naye: "Nataka…" kisha nyamaza sekunde 3 hadi 5 kabla ya kutaja kitu. Kimya kile ndipo neno la kwanza hupenda kutokea. Asiposema, taja wewe, umpe vile vile.

Na katuni za simu? Wapo watoto hapa Zanzibar wanaojua kuhesabu kwa Kiingereza mpaka ishirini na majina ya rangi zote, na maji hawajui kuomba. Hayo ni mwangwi wa katuni, hayajawa mazungumzo. Lakini usidharau mwangwi, ni ngazi. Akisema neno la katuni, litumie mchezoni. Zungumza naye Kipemba chako hicho hicho, maneno mawili matatu kwa mara. Lugha ya nyumbani haimcheleweshi.

Hasira: chukua daftari, wiki mbili, safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Utaona sababu moja kati ya nne: anataka kitu, anakimbia kitu, anataka utazame, au mwili wenyewe unataka au unaumizwa (kelele za jenereta, lebo ya kanzu shingoni). Ikiwa hasira zimeanza ghafla, tazama kwanza meno, masikio na choo kigumu. Hasira za kutaka kitu hutibiwa kwa picha. Ukiamua kutompa simu anapopiga kelele, jua kelele zitapanda siku kadhaa kabla hazijashuka. Atakayempa siku ya tatu "anyamaze wageni wamekuja" kamfundisha kuwa apige zaidi. Waambie bibi na mashangazi mapema.

Chakula: ikiwa anakula boflo na chai tu, chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, kwa hiyo iondoe kwenye mlo wa mchana na apimwe damu. Chakula kipya kiwe jirani wa anachokijua: boflo, kisha mkate wa mofa, kisha chapati. Kikae sahanini bila kulazimishwa, hata mara kumi na tano. Usingizi: kata simu saa moja kabla ya kulala na usingizi wa alasiri usipite nusu saa. Ikishindikana, muulize daktari juu ya melatonini, kuanzia miligramu 1.

Kisima. Nimekitenga kwa sababu watoto wenye usonji hupenda maji na hutoka nyumbani bila kuaga, na kuzama ndiko kunakowaua wengi wanaotoroka. Mfuniko wa kisima uwe na kufuli, komeo la mlango liwe juu ya kimo chake, namba yako ya simu ishonwe kwenye nguo. Mjulishe sheha, wavuvi wa diko la karibu, na jirani wa kila upande: wakimwona peke yake wamshike mkono, wasimwite, hataitika. Akipotea, tafuteni kwenye maji kwanza.

Kombe (maji ya aya za Qur'ani) na kisomo ni imani yako, hakuna daktari mwenye akili atakayekukataza. Kuchanjwa chale, kufukizwa moshi chumbani na kupigwa "atoke shetani", hapana. Na dawa ya kifafa haisimamishwi kwa ajili ya kombe.

Skuli bado una muda. Akifika umri, uliza darasa la elimu mjumuisho kupitia kitengo chake Wizara ya Elimu, peleka ubao wake wa picha, omba aanze kwa saa mbili kwa siku na akae mbele, mbali na dirisha. Madrasa pia mwalimu aelezwe kabla ya siku ya kwanza.

Daftari la wiki mbili likijaa, lirudishe hapa: kitu kilichoshinda kwenye sinia, hasira ngapi kwa siku na saa ngapi, na majibu ya masikio. Tutaanzia hapo.