Wagonjwa wa kuhesabika, dawa itajulikanaje?

Maswali ya wiki hii yametoka Tabora na Kigoma, na yote yanahusu kujaribu dawa ya ugonjwa wenye watu wachache.

Mrina asali, Kaliua: Shikamoo daktari. Nasikia dawa hujaribiwa kwa maelfu ya watu. Malale siku hizi ni ya nadra. Nasikia imepata dawa mpya; waliijaribu kwa nani?

Marahaba. Kwa malale (ugonjwa wa mbung'o) ya aina ya huku kwetu, waliijaribu kwa watu 45 tu, Malawi na Uganda. Malale ikishafika kwenye ubongo ilikuwa inatibiwa kwa melarsoprol, sindano ya mshipa yenye arseniki, ambayo ni sumu, na wapo waliouawa na sindano yenyewe. Dawa mpya, feksinidazole, ni vidonge vya siku 10. Watafiti hawakuwagawa wagonjwa mafungu mawili. Wangewagawa, kila fungu lingebaki na watu ishirini na ushee, na nusu wangechomwa arseniki. Kwa hiyo wote walipewa vidonge, kisha vifo vikalinganishwa na kumbukumbu za waliotibiwa zamani kwa melarsoprol. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) iliingiza vidonge hivyo kwenye mwongozo wake wa malale hii.

Ulinganisho ule uliwezekana kwa sababu kuna watu walioandika. Niliwahi kufungua rejista ya wodi, kingo zimeliwa na unyevu. Jina lipo, umri upo, tarehe ya kulazwa ipo. Safu ya mwisho, "matokeo", tupu ukurasa mzima. Alipona? Alifariki? Alihamishwa? Iliniuma sana. Ugonjwa ukiwa na wagonjwa kumi kwa mwaka, ukurasa mmoja wa majina ishirini wa namna ile ni miaka miwili ya maarifa imepotea. Muuguzi unayesoma hapa, nakuomba: jaza safu ile.

Mama, Urambo: Mwanangu ana ugonjwa adimu. Akiingizwa kwenye jaribio, si anaweza kupewa dawa bandia?

Pole sana, mama. Dawa bandia ni ya matapeli. Kwenye utafiti tunasema kipozauongo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, na ni haki yako kuambiwa mapema kama kipo. Ndiyo, anaweza kukipata, ila zipo njia za kupunguza uwezekano huo. Dawa ya nusinersen, inayochomwa mgongoni kwa watoto wachanga wenye ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, ilijaribiwa hivi: kwa kila watoto wawili waliopata dawa, mmoja alichomwa kijisindano kisicho na dawa. Ilipoonekana dawa inasaidia, jaribio likasimamishwa mapema na waliobaki wakafunguliwa mlango wa kuipata.

Kabla hujaweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa, uliza: "Akiangukia upande wa kipozauongo, mwishoni atapewa dawa?" Jibu liwe limeandikwa. Uliza pia kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Na unaweza kumtoa mwanao siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Mwanafunzi wa uuguzi, Kigoma: Ni kweli mgonjwa mmoja anaweza kuwa utafiti mzima?

Kweli. Anapewa dawa wiki kadhaa, kisha kipozauongo, kisha dawa tena, yeye na muuguzi wake wasijue zamu ipi ni ipi. Analinganishwa na nafsi yake. Inafaa kwa maradhi ya kudumu yasiyobadilika haraka, na kwa dawa ambayo nguvu yake huja upesi na kuisha upesi. Kwa malale haifai kabisa: aliyepona huwezi kumrudisha kitandani akaugua upya.