Maswali Yenu: Kisu cha Samaki wa Ngozi Ngumu

Nauza samaki Masese, Jinja. Siku hizi wateja wa hoteli wanataka minofu ya sangara isiyo na ngozi. Kisu changu cha jikoni kinakuwa butu kabla sijamaliza samaki wa tatu. Wenzangu wananiambia ninunue kikubwa na kizito. Ninunue kipi?
*Muuza samaki, Masese*

Mama, hicho kikubwa kiache dukani. Uzito wa kisu unasaidia kwenye mfupa, kwenye ngozi hausaidii kitu. Kinachokushinda kwa sangara ni magamba: makubwa, magumu, yamepandana kama vigae vya paa, na katikati yake kuna ute uliokamata mchanga wa mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa. Ukikata kutoka nje kwenda ndani, kila gamba unalopita linasaga makali. Kisu kizito kitasagwa vilevile, na mkono utachoka mapema.

Kata kutoka ndani kwenda nje. Toboa ngozi kwa ncha mara moja tu, kwenye tundu la haja au nyuma ya pezi la kifuani. Ingiza ncha chini ya ngozi, geuza makali yatazame juu, kisha sukuma. Magamba yatanyanyuka na kupisha, na makali yatagusa upande wa ndani wa ngozi, ambao ni laini. Ukizoea hivyo, kisu kilekile kitakufikisha mbali zaidi kabla ya kudai kunolewa.

Kwa kazi yako nunua visu viwili. Cha kwanza kiwe kifupi na kigumu: bapa la sentimita 12 hadi 15, mgongo wenye unene wa milimita 3 hivi, ncha iliyochongoka. Hicho ni cha kutobolea, kupasulia tumbo na kukatia nyuma ya kichwa. Cha pili kiwe chembamba, kinachopinda, sentimita 18 hadi 20, mgongo milimita 2 au pungufu. Hicho ni cha kutolea mnofu kwenye uti na kuuvua ngozi. Kabla ya kulipa, simamisha ncha yake juu ya ubao na usukume mpini polepole. Bapa lipinde sentimita 2 au 3, na ukiachia linyooke lenyewe. Lisilopinda kabisa litakuachia nyama kwenye uti. Likibaki limepinda, chuma chake ni laini mno, kirudishe. Kwa sangara wa kilo 10 kwenda juu, tafuta cha sentimita 25 kisicholegea sana, maana mbavu zake nene hukipotosha kisu chembamba.

Samaki unayekusudia kumvua ngozi usimpare magamba. Magamba yanaifanya ngozi ikaze, na kisu kinateleza juu yake bila kuitoboa. Laza mnofu, ngozi chini, upande wa mkia uelekee mkono usioshika kisu. Kata nyama karibu na mwisho wa mkia mpaka uguse ngozi, kisha ukishike hicho kipande cha ngozi kwa kitambaa kikavu au kwa vidole vilivyopakwa chumvi. Lalisha kisu, makali yainamie ngozi kidogo tu, halafu vuta ngozi ukiichezesha kushoto na kulia huku kisu kikikaa palepale. Wengi hufanya kinyume: ngozi imetulia, kisu ndicho kinachosukumwa kwa nguvu. Hapo makali huingia chini na ngozi ikakatika. Ikikukatikia, usichimbe pale pale. Geuza mnofu uanzie upande wa kichwa.

Na tazama unakatia juu ya nini. Saruji na vigae huua makali kwa mguso mmoja. Weka ubao wa mti au wa plastiki, hata kama meza ya soko inaonekana safi.

Nafuga kambare. Nawamwagia maji ya moto kuondoa utelezi, lakini nikivua ngozi inachanika vipande vipande. Je, ni kisu butu? Na je, kamongo naye anatengenezwa hivyohivyo?
*Mfugaji, Mukono*

Kisu chako hakina kosa, ndugu. Maji ya moto yanaipika ngozi, na ngozi iliyopikwa haivutiki. Amua kwanza unachotaka. Kama kambare ataliwa na ngozi yake, maji ya moto ni sawa: mwagia, kisha kwangua ute kwa mgongo wa kisu. Kama unamvua ngozi, yaache. Msugue kwa majivu au chumvi ya mawe, msuuze kwa maji baridi.

Anza na miiba miwili ya mapezi ya kifuani. Ina meno na hujifunga ikiwa imesimama, kwa hiyo ikate kwa koleo kabla haijakuchoma. Kwa kisu kifupi, zungushia mkato nyuma ya fuvu, wenye kina cha ngozi tu, milimita 2 hivi. Ukizama zaidi utavuta nyama pamoja na ngozi. Kata pia mstari pembeni mwa lile pezi refu la mgongoni. Shika kichwa kwa kitambaa, bana ukingo wa ngozi kwa koleo, uvute kuelekea mkiani. Kisu kirefu hakina kazi hapo.

Kamongo anahitaji tahadhari zaidi. Anapumua kwa mapafu, kwa hiyo anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu akiwa hai, na mabamba ya meno yake huvunja konokono. Hakikisha amekufa kabla ya kusogeza mkono karibu na mdomo. Magamba yake ni madogo, yamezama ndani ya ngozi, kwa hiyo kumpara ni kupoteza muda. Lakini hana pingili za mfupa kama samaki wengine: katikati ya mgongo wake ni laini, na kisu kifupi chenye makali hukata vipande vizuri bila panga.

Nilichongewa kisu cha springi ya gari Katwe. Fundi alikinoa kwa mashine mpaka makali yakawa ya bluu. Hakishiki makali hata siku moja. Nimetapeliwa?
*Mpishi, Kampala*

Chuma cha springi ni kizuri sana kwa kisu cha samaki. Rangi ya bluu inaonyesha kwamba makali yalipata joto la nyuzi 300 hivi, na ugumu wake ukapungua. Pitisha tupa kwa wepesi kwenye makali. Ikiuma kirahisi, chuma kimelainika. Ikiteleza kabisa, ni kigumu mno na kitamegeka kwenye mfupa. Unataka iume kidogo kwa shida.

Kama bluu iko ukingoni tu, ondoa milimita 2 au 3 kwa jiwe lenye maji mpaka ufike kwenye chuma kizima. Kama imeenea, mrudishie fundi akipashe moto mpaka sumaku isikamate tena, akizamishe kwenye oili (maji yanaweza kukipasua), kisha akipashe tena taratibu mpaka rangi iwe ya manjano ya majani makavu. Kuanzia hapo kinolewe kwa mkono.

Pembe ya kunolea ipime kwa upana wa bapa: likiwa na sentimita 3, inua mgongo sentimita 1 kutoka kwenye jiwe, utapata nyuzi kama 20, zinazofaa kisu kifupi. Kisu cha minofu kiinue pungufu kidogo ya robo ya upana wake ikiwa ni cha samaki laini, robo kamili ikiwa ni cha sangara. Noa upande mmoja mpaka kidole kihisi mkwaruzo upande wa pili, ndipo ugeuze.

Mpini wa mti au wa plastiki?
*Msomaji, Entebbe*

Plastiki yenye uso wa kukwaruza, usioteleza. Mti hunyonya ute, huvimba, kisha hupasuka penye misumari, na uchafu hukaa humo. Uwe pia na kikingio mbele, kidole kisiteleze kwenye makali mkono ukiwa na mafuta ya samaki.