Kamisheni kwa mawakala wa mtandaoni: piga hesabu kwanza, wewe muuzaji wa Moshi na Arusha

Anayeuza kahawa ya kusaga Moshi, au shanga na makubazi ya ngozi Arusha, kwa Instagram na WhatsApp, hufika mahali wateja wakawa walewale. Hapo kumlipa mtu kamisheni kwa kila mteja anayemleta kunaanza kuwa na maana. Tangazo la kulipia linakula hela hata lisipouza kitu, wakala wa kamisheni anasubiri mpaka hela iingie. Kwa mwenye mtaji mdogo, hiyo ni faida kubwa.

Tatizo ni kwamba kamisheni hutajwa kwa asilimia ya bei, wakati hutoka kwenye faida. Tuseme pakiti ya gramu 500 unaiuza sh 20,000, na kahawa, kukaanga, mfuko na lebo vimekula 13,000. Faida ni 7,000. Ukimpa wakala asilimia 10 na mteja wake punguzo la asilimia 10, bei inashuka hadi 18,000, wakala anachukua 1,800, nawe unabaki na 3,200. Bado hujatoa makato ya simu wala bodaboda ya kupeleka mzigo stendi. Zaidi ya nusu ya faida imeondoka, na kwa macho ulitoa "kumi kumi" tu. Tunashauri kamisheni na punguzo kwa pamoja visizidi theluthi moja ya faida, na vitajwe kwa shilingi. Kwa pakiti hii, wakala 1,300 na mteja 1,000. Bidhaa yenye faida nyembamba usiiingize kabisa.

Kufuatilia nani kaleta nani hakuhitaji tovuti. Tengeneza kiungo cha wa.me, kinachofungua WhatsApp moja kwa moja, chenye namba ya biashara na ujumbe ulioandikwa tayari, mfano "Nahitaji kahawa, MERU", ambapo MERU ni kuponi ya wakala mmoja tu. Mteja anaweza kulifuta neno hilo kabla ya kutuma, ndiyo maana punguzo dogo linasaidia: linampa sababu ya kutolifuta. Kisha weka daftari au jedwali la tarehe, kuponi, namba ya mteja, kiasi, siku mzigo ulipopokelewa, siku kamisheni ilipolipwa.

Mwenye tovuti atategemea kuki, yaani alama inayobaki kwenye kivinjari cha mteja. Muda wa alama hiyo kumhesabia wakala mauzo unaupanga wewe. Amazon hutumia saa 24 kwa kawaida, na kwa bidhaa za bei ndogo siku 7 zinatosha sana. Jihadhari na mfumo unaompa kamisheni wakala ambaye kiungo chake kilibonyezwa mwisho. Wakala anayesambaza kuponi kwenye magrupu humnasa mteja aliyekuwa tayari amejaza kikapu chako, nawe unalipa kwa mtu ambaye angenunua hata hivyo.

Hapo hela nyingi inaweza kupotea bila wizi wa wazi. Andika kwenye makubaliano kwamba kamisheni ni kwa namba ambayo haijanunua kwako ndani ya miezi 12. Na Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani na oda zinakuja zenyewe, punguza kamisheni au isimamishe. Ipandishe Machi na Aprili, mvua zikinyesha na watalii wamepungua Arusha.

Wizi nao upo. Wakala hununua mwenyewe kwa namba ya ndugu ili ajipatie punguzo na kamisheni. Utamjua kwa oda za wateja tofauti zinazopokelewa na mtu yuleyule. Wengine hupandikiza kuki kwa watu ambao hawajabonyeza chochote. eBay iliibiwa hivyo, na mwaka 2014 mahakama ya Marekani iliwafunga wawili. Hatari zaidi kwetu ni wakala anayechukua picha zako na kupokea malipo kwa namba yake. Tangaza kila mahali kwamba malipo ni kwa Lipa Namba yenye jina la duka, na mteja alisome jina hilo kabla ya kuweka namba ya siri.

Mzuie pia kuahidi usichokisema wewe. Akiandika kwamba kahawa yako inatibu kisukari, mteja atakurudia wewe, na anaweza kuumia kwa kuacha dawa. Mpe maneno na picha za kutumia. Usimpe orodha ya wateja. Namba zao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Anza na mawakala watatu kwa siku 60, kila mmoja na kuponi yake. Lipa kila Ijumaa, kwa mizigo iliyopokelewa na kutimiza siku 7 bila kurudishwa, maana mzigo wa kulipia ukifika hukataliwa mara nyingi na nauli ya basi inabaki kwako. Usicheleweshe malipo: wakala mzuri akikosa hela yake mara mbili, anahamia kwa muuzaji mwingine na wateja wake. Anayeacha kazi, funga kuponi siku hiyohiyo na umalizie deni lake ndani ya wiki mbili.