Haki za faili, idhini au ruhusa?

SWALI: Naandika mwongozo wa kutunza seva ya tovuti, wa kuwafundishia vijana chuoni. Nikifika kwenye amri za chown na chmod, zinazopanga nani ni mmiliki wa faili na nani anaweza kulifanyia nini, nakwama. Niseme "haki za faili", "idhini" au "ruhusa"? Na ile herufi x, inayokaa pamoja na r ya kusoma na w ya kuandika, niiite nini?

JIBU: Andika ruhusa, wala usisite. Idhini huombwa kwa mwenye mamlaka kwa ajili ya tendo fulani: daktari hampasui mgonjwa bila idhini. Kibali mara nyingi ni karatasi, kama kibali cha ujenzi. Haki ndiyo inayonitia hofu zaidi. Haki mtu huzaliwa nayo au hupewa na sheria, ilhali ruhusa za faili mwenye faili huzitoa na kuziondoa kwa amri moja. Tena ukiandika "haki za umiliki wa faili", msomaji atawaza hakimiliki, mambo ya watunzi na wanamuziki, nawe unazungumzia nani anaweza kulibadilisha faili la index.php.

Sentensi ninayokutana nayo sana ni hii: "Lipe faili ruhusa 644." Kitenzi -pa kinadai mpokeaji, na hapa faili halipokei kitu. Wanaopokea ni watumiaji. Itazame 644 yenyewe: kusoma ni 4, kuandika ni 2, x ni 1. Ile 6 inamruhusu mmiliki kusoma na kuandika. 4 ya kwanza inakiruhusu kikundi kusoma tu, na 4 ya mwisho vivyo hivyo kwa wengine. Andika "Weka ruhusa za faili ziwe 644", kisha eleza nani karuhusiwa nini. Hao "wengine", ukiona wanafunzi hawajaelewa, waambie ni watu baki: si mmiliki, si wa kikundi chake. Neno hilo linaeleweka mara moja, na litawasaidia kuona kwa nini 777 ni hatari, maana kila mtu baki mwenye akaunti kwenye mashine ile anaweza kuandika juu ya faili lako.

Kwa chown tunacho kitenzi kizuri ambacho watu wa ardhi wanakitumia kila siku: kumilikisha. "Amri hii inammilikisha www-data folda ya picha" (www-data ni jina la akaunti ambayo seva ya tovuti huitumia) ni Kiswahili safi, na ni fupi kuliko "inabadilisha umiliki wa folda kwenda kwa www-data".

Sasa x. Usitafute neno moja, kwa sababu kazi ni mbili. Kwa faili la programu, x ni ruhusa ya kuendesha. Kwa folda, "kuendesha" hakuna maana. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza folda inaendeshwaje, na alikuwa na haki ya kuuliza. Hapo sema kupita. Folda yenye x bila r ni kama chumba unachoruhusiwa kuingia gizani: ukijua jina la kitu utakifikia, lakini huwezi kuona vilivyomo. Yenye r bila x ni kinyume chake, majina unayaona, vyenyewe huvifikii. Ndiyo maana seva ya Apache ikikosa x kwenye folda moja tu ya njiani, mgeni wa tovuti anapata 403, yaani ujumbe wa kukataliwa, hata kama faili analolitaka lina 644 kamili.

Kuhusu ngeli, "faili hili, mafaili haya" na "faili hii, faili hizi" zote zinasemwa. Chagua moja, uishike mwongozo mzima.