Ziwa likigeuka kijani: maswali yenu kuhusu kuchuja maji kwa mchanga

Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria, imekuwa kijani kama rangi iliyomwagwa. Nikichemsha maji, si yatakuwa salama? (Homa Bay)

Hapana, na tunaomba nyumba nzima ilishike hili. Maikrosistini, sumu ya mwani unaoyageuza maji kuwa kijani, haiharibiwi na kuchemsha. Moto hupasua chembe za mwani, sumu iliyokuwa ndani ikamwagika majini. Mwaka 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba yatokayo Ziwa Erie, na wakaambiwa wasiyachemshe.

Kichujio changu cha mchanga kinaziba kila siku mbili. Nibadilishe mchanga?

Usibadilishe! Wanaokula sumu ni bakteria walio kwenye utando wa juu na sentimita chache za mchanga chini yake, nao huchukua wiki kadhaa kukomaa. Ukimwaga mchanga, umewamwaga wao.

Anza na uchotaji. Chota mbali na ufuko, upande upepo unakotoka, chini ya ukoko unaoelea. Pitisha maji kwenye kanga safi iliyokunjwa mara nne. Usiikamue, maana kukamua kunapasua mwani.

Mtiririko ukishuka, koroga taratibu kwa kiganja maji yaliyosimama juu ya mchanga, bila kuchimba, kisha yateke kwa kikombe uyamwage mbali. Mwani ukiachwa uoze pale juu, sumu yake inashuka na maji. Juu ya mchanga yabaki maji ya sentimita 5: yakikauka bakteria wanakufa, yakizidi sana hewa haiwafikii. Lita moja ichukue angalau dakika 2 na nusu kutoka. Ikitoka haraka, bakteria hawapati muda wa kufanya kazi.

Klorini niweke wapi?

Kwenye dumu la maji yaliyokwisha kuchujwa, ukasubiri dakika 30. Ukiiweka juu ya mchanga unaua bakteria wako.

Nichimbe kisima kando ya ziwa?

Ndiyo, ikiwa ardhi ni mchanga. Berlin hupata sehemu kubwa ya maji yake kwenye visima vya kando ya maziwa na mito. Kinachosafisha ni muda wa maji kupenya ardhini, hivyo kisima kilicho mita mbili tu kutoka ufukoni hakisaidii. Mwamba wenye nyufa nao hauchuji.

Maji yametoka maangavu. Niyatumie kwa mtoto mchanga? (Mwanza)

Usimpe. Sumu iliyoyeyuka haina rangi, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa maisha yote, mikrogramu 1 kwa lita, hupimwa kwa vipimo maalumu tu. Ziwa likiwa kijani, maziwa ya unga yakorogwe kwa maji ya mvua au ya kisima kirefu, yaliyochemshwa.