Kucheza pekeako kwenye gemu ya watu wengi: jibu langu kutoka Lamu

Ndugu yangu wa Malindi umeuliza, "kama mtu anacheza pekeake tu humo ndani, si bora achukue gemu isiyotaka intaneti aokoe bando?" Nimesoma majibu yote hapo juu na wengi wamekwambia wanaocheza hivyo ni waoga wa watu ama hawana marafiki. Mimi sikubali kabisa, na nacheza Old School RuneScape, gemu ya intaneti ya watu wengi, kwa simu hapa Lamu tangu walipoileta kwenye simu mwezi wa 10 mwaka 2018, kwa hivyo nivumilie nitaandika marefu.

Mwanzo nilikuwa kwenye klani, yaani kundi la wachezaji wanaocheza pamoja. Reidi zao, yaani kundi zima kuingia kupiga bosi, wale maadui wakubwa wa gemu, zilikuwa saa mbili usiku za Uingereza, kwetu hiyo ni saa nne, na baridi yao ikianza wakarudisha saa nyuma inakuwa saa tano. Sasa wewe huku kwetu unakujua. Usiku mmoja tuko katikati ya reidi, stima ikaenda, wifi ya nyumbani ikaenda nayo, mpaka nishike bando ya simu nirudi wawili washakufa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu sikuambiwa kitu, nilifungua tu nikakuta nishatolewa. Iliniuma sana, maana hawakuwa watu wabaya na nilikuwa nimewazoea, ila ratiba yao haikuwa na nafasi ya mtu ambaye mashua ya mjomba ikifika gatini lazima aache simu akashushe samaki.

Uanachama wa kulipia nikauacha hapo hapo, nikafungua akaunti ya Ironman kwenye upande wa bure. Kwa wasiojua, hii ni aina ya kucheza ambayo wachezaji walikuwa wakijiwekea masharti wenyewe, mwaka 2014 Jagex wenye gemu wakaifanya rasmi. Hununui wala huuzi na mchezaji mwingine, lile soko kubwa la Grand Exchange limefungwa kwako, na kitu alichoangusha mwenzako huwezi kukiokota hata akiangushe mbele ya miguu yako. Ukitaka kula, uvue upike, ukitaka silaha uchimbe madini uyeyushe ufue mwenyewe. Ukiandikiana na wenzako humo ndani jina lako linakaa na alama ya kofia ya chuma, kwa hivyo kila mtu anajua.

Mimi nilihamia Karamja, kisiwa cha humo ndani ya gemu. Unapanda chombo pale Port Sarim, nauli sarafu 30, unashuka kisiwani kwenye gati la wavuvi, na ukifikisha levo 40 ya uvuvi unaanza kutega kamba koche. Gemu yenyewe inahesabu mambo kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hivyo neti ikiyumba kidogo huumii, na nikiitwa naweka simu chini, hakuna anayekufa kwa ajili yangu. Kamba mmoja ni pointi 90 na levo 80 inataka karibu milioni 2, hesabu mwenyewe ni masiku mangapi.

Na katika huo usiku mwingi sikuwa pekeangu hata siku moja. Pale gatini kuna watu kila saa, wengine ni wapya kabisa wanauliza benki iko wapi, wengine kimya kama mimi. Kulikuwa na mmoja nilimkuta hapo kama wiki tatu mfululizo, hatukusemezana, yeye anatega mimi natega. Siku niliyofika 80 fataki zikaruka juu ya kichwa changu, zile huonekana na kila aliye karibu, na yule bwana akaandika herufi mbili tu, "gz", yaani hongera, na wengine wawili wakafuata. Nilifurahi mpaka nikamuonesha mamangu simu. Fikiria, hawa watu hata wangetaka kunipa kitu gemu isingewaruhusu nikipokee, hawana la kupata kwangu wala mimi kwao, kilichobaki baina yetu ni neno tu. Gemu isiyo na intaneti itakurushia hizo fataki lakini nani atakuwa ameziona?

Wewe ushakuja Lamu, umekaa pale Mkunguni mbele ya ngome ukaona wazee wanavyocheza bao. Wanaocheza ni wawili, waliokaa barazani wako wengi tu, na kuna mzee anakuja kila jioni hachezi na hasemi, na asipokuja watu wanaulizana yuko wapi. Hakuna anayemwambia si bora ukae kwako.

Tena hili si geni. Gemu ya EverQuest ya 1999 ukitaka kupanda levo nyingi ilibidi utafute kundi, halafu World of Warcraft mwaka 2004 ikaja ikakuachia upande mpaka levo ya mwisho, 60 wakati huo, bila kundi. Mwaka 2006 Ducheneaut, Yee na wenzao walitoa utafiti wao juu ya gemu hiyohiyo, wakaona watu muda mwingi wanacheza pekeao, lakini wale wengine wanaowazunguka ni watazamaji na wanaufanya ulimwengu uwe na watu. Niliposoma hayo nikasema hawa ni kama washawahi kukaa gatini Karamja!

Ila hapa sikubaliani na wenzangu wanaolilia kila bosi apigike na mtu mmoja. Kazi ya watu kumi iacheni iwe ya watu kumi. Gemu ya Final Fantasy XIV tangu 2019 wanakupa wenzako wa kompyuta, si watu wa kweli, wa kuingia nao baadhi ya mapango, na kwa mtu anayejifunza bila kutukanwa ni jambo zuri, lakini kama wenzako wote ni wa kompyuta siku zote, ule ulimwengu unaulipia wa nini?

Kuhusu bando usiwe na shaka, hii kwangu inakula kidogo sana kuliko video. Na kama pekeako kunakutisha, tangu 2021 kuna Ironman ya kundi, watu 2 mpaka 5 mnagawana vitu vyenu tu. Mimi na binamu yangu wa Shela tunataka kuanza baada ya Maulidi, tuko wawili, nafasi zipo. Saa utasema wewe, yetu sisi haina ratiba.