Kabla hujagusa mayai ya kasa

Wengi wanaoanza kulinda viota ufukweni huwa na hamu ya kuhamisha mayai. Hamu hiyo huua. Kiota kilicho juu ya mstari wa bamvua, yaani pale yanapofika maji yakijaa kabisa, kiache palepale: weka alama, andika tarehe, ondoka. Kihamishwe kile tu ambacho maji yatakifikia, tena na mwenye kibali.

Hapo cha kuchunga ni muda. Hamisha ndani ya saa sita tangu kutagwa. Kadiri saa zinavyosonga, kiinitete hujishikiza kwenye utando wa ndani, upande wa juu wa yai. Yai likigeuzwa baada ya hapo, kiinitete hufa, na kwa nje huoni dalili yoyote. Kwa hiyo toa yai mojamoja huku ukihesabu, upande wa juu ubaki juu, ulaze kwenye ndoo yenye mchanga mbichi wa kiota kilekile. Mikono isiwe na mafuta wala dawa ya mbu.

Shimo jipya lifuate la mama. Pima kina chake kwa futi kabla hujalifukia, kisha chimba mfano wa mtungi: shingo nyembamba, tumbo pana. Mchanga mbichi utangulie kurudi, mkavu uje juu. Ukichimba kina kifupi, mayai hupata joto kupita kiasi, na joto ndilo linaloamua jinsia: likizidi takriban nyuzi 29 za Selsiasi, majike huwa wengi, likikaa juu ya 34, vifo huongezeka.

Ukiwa doria, pitia mchanga uliolowa, chini ya mstari wa maji kujaa, kwani juu yake kuna ndege wanaotaga juu ya mchanga mtupu, na mayai yao hufanana na kokoto. Ukimwona ndege anaburuza bawa kama aliyevunjika, uko karibu na kiota chake. Rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe, upesi, kwani yai la ndege lililoachwa juani huharibika haraka.

Vitoto vya kasa hutoka baada ya siku 45 hadi 70, aghalabu usiku. Zima taa, sawazisha mashimo ya nyayo, waache watambae wenyewe hadi majini. Subiri siku tatu ndipo ufukue kiota. Ganda lililobaki zaidi ya nusu lihesabu kama yai moja lililoanguliwa. Vipande vidogo usivihesabu, la sivyo idadi itazidi mayai yaliyotagwa.